Deni Dogo Ndilo Linalokula Shamba

Ndugu mkulima, ukiulizwa sasa hivi una deni la shilingi ngapi, utaweza kujibu? Sisemi deni la shamba peke yake. Nasema deni lote: la dukani, la simu, la chama cha akiba, la shemeji yako, na karo ya mtoto iliyobaki muhula uliopita. Hapa Ruiru nimewauliza watu wengi swali hili wanapokuja ofisini kutafuta habari za mkopo mpya, na karibu wote hutaja deni moja tu, lile kubwa. Mengine huyaita vitu vidogo vidogo. Makala hii ni juu ya hivyo vitu vidogo vidogo.

Yafaa kwanza niseme mimi ni nani, usije ukadhani unahubiriwa na mtu ambaye hajaonja. Mimi ni karani katika ofisi ya kilimo. Kabla ya hapo nilisomea ualimu, nikafundisha hesabu shule ya msingi. Niliandika riba ubaoni kwa chaki: fedha zilizokopwa, mara kiwango, mara muda. Watoto waliopata niliwapigia alama ya vema. Jioni nilirudi nyumbani nikakopa kwa simu bila kupiga hesabu hata moja.

Mwaka 2018 nilichukua viti vya sebuleni na televisheni katika duka moja kwa mapatano ya kulipa pole pole. Bei ya taslimu ilikuwa Sh. 38,000. Kwa kulipa pole pole ilikuwa Sh. 3,100 kila mwezi kwa miezi 18, yaani Sh. 55,800. Jumla hiyo iliandikwa kwenye karatasi, lakini sikuitazama. Nilitazama ile 3,100 peke yake nikaona naiweza. Mwezi wa nne mtoto akaugua, nikakopa kwa simu ili nilipe duka. Mwezi wa tano nikakopa mahali pengine ili nilipe mkopo wa kwanza. Kufika Krismasi nilikuwa na wadai sita, na simu ikilia naitazama kama nyoka.

Sasa nitakuambia jambo ambalo sipendi kulisema. Nilipooa, mama yangu alinipa mtamba awe mwanzo wa ng'ombe wangu. Januari 2019 nilimwuza. Nililipa madeni yote ya simu kwa siku moja, nikapumua. Mwezi wa Machi nilikuwa nimekopa tena. Mtamba alikuwa ameondoka, lakini desturi zangu hazikuondoka naye. Mama alipokuja kututembelea alikwenda nyuma ya nyumba, akaona zizi tupu, akarudi akakaa juu ya kile kiti kipya. Hakusema neno.

Kutoka siku hiyo ilinichukua miezi 19 kumaliza madeni, na sikuuza kitu kingine. Nilijifunza mambo mawili: kwamba madeni hayalingani, na kwamba fedha za kulipa deni huwa zipo mkononi tayari, ila zinapita bila kuonekana.

Madeni hayalingani

Wengi wenu mnaosoma gazeti hili mnaishi katika mashamba ya skimu, na deni linalowatia hofu ni lile la shamba. Mnajua lilivyoanza, au mlisikia kwa wazee. Mwaka 1962 ulianza mpango wa ekari milioni moja. Serikali ilinunua mashamba ya Wazungu, ikayagawa kwa jamaa kama 35,000. Kila aliyepata shamba alipewa mkopo wa ardhi wa kulipwa kwa miaka 30, na juu yake mkopo wa maendeleo wa miaka 10, wa kununulia ng'ombe, seng'enge na mbegu. Riba ilikuwa 6.5 kwa mia kwa mwaka, na malipo yalitakiwa mara mbili kila mwaka. Wengi walianza kuchelewa tangu miaka ile ya kwanza. Ardhi ikawa rehani mpaka deni liishe, na zipo jamaa ambazo hata leo hazijapata hati ya shamba kwa sababu hiyo. Mzee amefariki, watoto wanataka kugawana, lakini hawawezi kuandikiwa hati zao kabla deni la baba halijafutwa kwenye kitabu. Kwa hiyo hofu yenu si ya bure.

Lakini hebu tupige hesabu pamoja. Chukua penseli.

Tuseme yuko mkulima ambaye malimbikizo ya deni lake la shamba ni Sh. 58,000, kwa ile riba ya 6.5 kwa mia. Katika SACCO anadaiwa Sh. 40,000, na SACCO yake inatoza kama nyingi zinavyotoza, 1 kwa mia kila mwezi kwa deni lililobaki. Duka la jirani linamdai Sh. 6,300 za sukari, unga, sabuni na chakula cha ng'ombe. Shemeji yake anamdai Sh. 5,000. Katika simu ana mikopo miwili, mmoja wa Sh. 2,000 na mwingine wa Sh. 3,500, na yote hulipwa baada ya siku 30 kwa ada ya 7.5 kwa mia. Kiwango hicho sikukibuni. Ndicho M-Shwari ilichoanza nacho ilipofunguliwa Novemba 2012, na ilikitangaza wazi. Jumla ya madeni yote ni Sh. 114,800.

Mkulima huyu akilala usiku anaota ile 58,000. Sasa tazama kila deni linamla kiasi gani kwa mwezi. Deni la shamba, 6.5 kwa mia ya 58,000, ni Sh. 3,770 kwa mwaka, yaani kama Sh. 314 kwa mwezi. Deni la SACCO ni Sh. 400 kwa mwezi. Ile mikopo miwili ya simu, ambayo jumla yake ni Sh. 5,500 tu, ni Sh. 412.50 kwa mwezi. Rudia hesabu kama huamini. Nami nilirudia mara tatu. Shilingi elfu tano na mia tano za simu zinakula kuliko elfu arobaini za SACCO, na kuliko elfu hamsini na nane za shamba.

Wengine watasema, "Lakini mkopo wa simu ni wa mwezi mmoja tu." Ni kweli, kama unaulipa na kuuacha. Lakini sisi hatuuachi. Tunaulipa asubuhi na kuuchukua tena jioni. Ukifanya hivyo na mkopo wa Sh. 2,000 kwa mwaka mzima, utakuwa umetoa ada ya Sh. 150 mara 12, ambayo ni Sh. 1,800, na mwisho wa mwaka bado unadaiwa ile 2,000. Umeinunua fedha ileile mara mbili na bado si yako. Kuna pia mikopo inayotozwa kwa siku, kama Fuliza iliyoanza Januari 2019, ambayo huziba pengo pale fedha zinapopungua katika simu. Kwa dharura ya siku moja huenda ikakuokoa. Kwa mtu anayeiacha wiki tatu kila mwezi ni kama kukodi jembe kila siku badala ya kulinunua.

Wala mikopo ya simu yote si sawa. Hustler Fund, iliyozinduliwa tarehe 30 Novemba 2022, ilianza kwa riba ya 8 kwa mia kwa mwaka, na mkopo wa kwanza ulitakiwa kurudishwa kwa siku 14. Sh. 2,000 kwa siku 14 kwa kiwango hicho ni kama Sh. 6 za riba. Linganisha shilingi 6 na 150. Basi ukiwa huna budi kukopa, uliza kwanza, "Nitarudisha ngapi kwa jumla, na lini?" Usiulize, "Nitapata ngapi?" Na kama unachukua mkopo wa bei nafuu ili ulipe ule wa bei kali, ulipe saa ileile na uufunge ule wa zamani. Mimi nilifanya nusu ya jambo hili: nilichukua ule mpya nikauacha wa zamani ukiwa wazi, nikawa na miwili.

Fedha zinakopita

Mfanyakazi wa mshahara hupata fedha kila mwezi na kula kila siku. Mkulima wa kahawa hula kila siku lakini hupata fedha kubwa mara moja au mbili kwa mwaka. Huku kwetu kahawa huiva kwa wingi kati ya Oktoba na Desemba, na zao la mapema huchumwa katikati ya mwaka, lakini malipo huja baadaye sana. Kati ya kuchuma na kulipwa kuna miezi ya njaa ya fedha, na hapo ndipo deni la duka huzaliwa. Kwa hiyo sikubaliani na wale wanaosema mkulima ana deni kwa kuwa ni mvivu au mlevi. Wengi wana deni kwa sababu kalenda ya shamba na kalenda ya tumbo hazilingani. Lakini kalenda hizo hazikuanza jana. Tunazijua, na kila mwaka tunashangaa kama wageni.

Zamani siku ya malipo pale kiwandani ilikuwa sikukuu. Wachuuzi walijipanga njiani na sufuria, mablanketi, saa za ukutani na suti za watoto, na wachoma nyama walijua siku hiyo kabla ya wakulima wenyewe. Sasa fedha huingia benki au katika simu bila kelele. Watu walidhani jambo hili litatuponya. Fedha ziliingia bila kelele na zikatoka bila kelele, na mke aliyechuma kahawa hiyo tangu alfajiri hakujua kama zimeingia.

Hapa nitasimama kidogo, maana ni jambo kubwa. Katika nyumba nyingi jina la mwanachama kiwandani ni la baba, lakini mikono inayochuma ni ya mama na watoto. Baba anajua kiasi cha malipo, mama anajua kiasi cha deni dukani. Watu wawili wana hesabu moja, kila mmoja ameshika nusu. Bwana, ukipata malipo ukamwonyesha mama watoto karatasi siku hiyohiyo, umekwisha kupunguza madeni kabla ya kulipa hata senti. Nawe mama, usilifiche deni la duka kwa kuogopa ugomvi. Ugomvi wa jioni moja ni rahisi kuliko deni la miezi sita. Mimi na mke wangu tulipokaa mezani na madeni yote tuligombana mpaka usiku. Yeye pia alikuwa na mkopo wa chama cha akina mama ambao sikuujua. Lakini asubuhi yake, kwa mara ya kwanza, tulikuwa na jumla moja.

Kesho yake nunua daftari. Lile la shule linatosha. Katika ukurasa wa kwanza andika kila deni: anayedai, kiasi, ada au riba, na siku ya kulipa. Usiache hata deni la mia moja la mama wa mboga. Kutoka ukurasa wa pili andika kila shilingi inayotoka kwa siku 30. Usibadilishe chochote mwezi huo. Kunywa soda yako kama kawaida, lakini iandike. Wengi huanza kwa kujinyima siku ya kwanza, na siku ya tisa wamechoka wametupa daftari.

Turudi kwa mkulima wetu wa mfano. Ana ng'ombe wawili, anapeleka lita 8 za maziwa kila siku kwa Sh. 45, ambayo ni Sh. 10,800 kwa siku 30. Analalamika kwamba fedha za maziwa hazionekani. Daftari lake linasema hivi: chai na mandazi pale anapopeleka maziwa, Sh. 60 kwa siku 26, jumla Sh. 1,560. Bodaboda ya kurudi nyumbani, Sh. 100 mara 12, jumla Sh. 1,200. Muda wa maongezi na bando, Sh. 50 mara 20, jumla Sh. 1,000. Kubahatisha matokeo ya mpira katika simu, Sh. 50 mara 14, jumla Sh. 700. Vitu vinne, Sh. 4,460. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho angekiita ubadhirifu. Hakununua suti. Hakulewa. Alikunywa chai.

Simwambii aache vyote. Mtu aliyenyimwa kila kitu hukimbia, kama ng'ombe aliyefungwa kamba fupi. Anywe chai mara moja kwa wiki pamoja na wenzake, mara nyingine anywe nyumbani, abaki na Sh. 1,200. Atembee siku ambazo hakuna mvua, abaki na Sh. 800. Maongezi nusu, Sh. 500. Kubahatisha aache kabisa, Sh. 700, maana mchezo huo una mwenyewe, na mwenyewe hapotezi. Jumla amepata Sh. 3,200 kwa mwezi, bila mkopo mpya na bila kuuza ng'ombe.

Nani alipwe kwanza

Wadai wote waendelee kupata kile kidogo mlichopatana, na SACCO iendelee kukata kwenye maziwa kama kawaida. Lakini ile 3,200 isigawanywe vipande vipande. Ielekezwe kwa deni moja mpaka life, kisha kwa lingine. Ukigawa kwa sita, kila mdai anapata mia tano, hakuna anayeridhika, na wewe huoni umefika wapi.

Mkulima wetu aanze na simu, maana tumeona ndiyo inayokula zaidi. Mwezi wa kwanza analipa ule mkopo wa 2,000 na ada yake, Sh. 2,150. Inabaki Sh. 1,050, anaiweka kwenye ule mkopo wa pili. Mwezi wa pili, ile 3,200 inaumaliza mkopo wa pili pamoja na ada, na zinabaki shilingi kama mia mbili na themanini. Miezi miwili, wadai wawili wameondoka. Akifika hapo azifute zile programu za mikopo katika simu. Mimi nilizifuta nikazirudisha mara mbili. Mara ya tatu nilimpa mke wangu simu azifute yeye, nikaona haya kumwomba aruhusu zirudi.

Baada ya simu kuna njia mbili, na hapa watu hubishana. Kwa hesabu tupu, SACCO ingefuata, maana ina riba na duka halina. Lakini mimi nasema duka lifuate. Mwenye duka hakutozi riba, ila ukiwa na deni lake huwezi kununua kwingine palipo rahisi, huwezi kuuliza bei, na unachukua unga wowote anaokupa. Hiyo nayo ni riba, ingawa haiandikwi. Duka la Sh. 6,300 litakwisha katika mwezi wa nne. Kisha shemeji, katika mwezi wa sita. Shemeji hana karatasi wala mahakama, lakini siku ya harusi au mazishi utakaa upande gani wa hema? Ukishamlipa, ongeza ile 3,200 juu ya makato ya SACCO, uone deni linavyoteremka.

Na deni la shamba? Hilo lisubiri fedha za kahawa, lakini lisisubiri kimya. Nenda kwenye ofisi ya makazi, au umwombe afisa wa ardhi, akupe taarifa ya deni kwa maandishi: kiasi cha asili, kilicholipwa, riba, na kilichobaki. Fuko la makazi ya ardhi limewekwa na Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, kwa hiyo usikubali kuambiwa kwamba deni hilo lilisahauliwa zamani, wala usimpe fedha mtu yeyote anayedai atalifuta kwa njia ya mkato. Hakuna njia ya mkato. Kuna risiti.

Fedha za kahawa zikija, zigawe kabla hujatoka nyumbani. Sehemu ya karo ya Januari iende moja kwa moja shuleni. Sehemu ya mbolea na dawa inunue mbolea na dawa wiki hiyohiyo, maana mbolea iliyo stoo haiwezi kuombwa na mgeni. Sehemu ya shamba ilipwe. Kinachobaki ndicho cha kufurahia, nacho kifurahie bila haya. Nyama ya siku moja iliyolipiwa taslimu haijamfilisi mtu.

Nitaongeza neno juu ya dawa, kwa kuwa deni jingi la duka la pembejeo ni la dawa. Mashamba ya kahawa ya aina za zamani hunyunyiziwa mara nyingi kwa ajili ya chulebuni, ule ugonjwa unaooza matunda, na kutu ya majani. Kituo cha utafiti wa kahawa kilichoko hapa kwetu kilitoa aina ya Ruiru 11 mwaka 1985, ambayo hustahimili magonjwa yote mawili. Sikuambii ung'oe shamba zima. Lakini kama unajaza mapengo, uliza bei ya miche hiyo kwanza kabla hujakopa dawa za mwaka mwingine. Tena kama unasukumwa na njaa ya fedha kuuzia dalali kahawa mbichi usiku kwa bei ya kutupa, ujue kwamba tangu mwaka 2020 uliwekwa mfuko wa malipo ya awali kwa wakulima wa kahawa, kwa 3 kwa mia, kupitia New KPCU. Uliza katika chama chako cha ushirika. Ila malipo ya awali si faida. Ni kahawa yako ya kesho unayoila leo, kwa hiyo iandike katika ule ukurasa wa kwanza wa daftari pamoja na madeni mengine.

Ukitishwa

Huenda unasoma haya na umekwisha kuchelewa, na unapigiwa simu za matusi. Jua mambo haya. Tangu kanuni za mwaka 2022, makampuni ya mikopo ya simu yanatakiwa kuwa na leseni ya Benki Kuu ya Kenya, na hayaruhusiwi kutumia vitisho wala kuwapigia watu walio katika orodha ya simu yako ili kukuaibisha. Kwa mikopo ya benki kuna kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki, kilichoanza kutumika mwaka 2007: mkopo ukisimama kulipwa, riba inayoongezwa kuanzia hapo haiwezi kuzidi kiasi cha deni lililokuwapo siku liliposimama. Kwa mfano, kama lilisimama likiwa Sh. 20,000, haliwezi kufika Sh. 60,000 kwa riba peke yake.

Sheria haikufutii deni, lakini inakupa mahali pa kusimama unapozungumza. Basi zungumza. Usizime simu. Mdai anayejua utaleta 500 kila tarehe tano huwa mpole kuliko yule aliyeahidiwa elfu kumi na hakuziona. Wale wadai wangu sita niliwafuata mmoja mmoja. Wanne walikubali kulipwa kidogo kidogo. Mmoja alinitukana kisha akakubali. Mmoja alikataa kabisa, huyo nikamlipa kwanza.

Mwisho, tunza karatasi. Mwaka jana alikuja mzee mmoja ofisini, amevaa koti la mvua ingawa jua lilikuwa kali, akanipa bahasha iliyofungwa ndani ya mfuko wa sukari. Mlikuwa na risiti za malipo ya shamba alizoziacha baba yake, ya kwanza ya mwaka 1967. Wino ulikuwa umefifia lakini tarakimu zilisomeka. Tulizipanga juu ya meza kwa miaka, tukajumlisha yeye na mimi, kisha nikampigia hesabu mara ya pili ili awe na hakika. Familia yake ilikuwa imeogopa deni hilo muda mrefu hata hawakuthubutu kuuliza. Kilichobaki kilikuwa kidogo kuliko bei ya ng'ombe mmoja. Alikunja karatasi ya jumla akaitia mfukoni, akaniuliza ofisi ya makazi hufunguliwa saa ngapi.